Kuvusha Filamu Mpakani: Tuzo ya LUX na Sinema ya Ulaya

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa filamu, na ninyi mliofuata harufu ya chai mkajikuta ukumbini: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie matamasha ya filamu za Ulaya za siku hizi. Cannes, Venice na Berlin mnayajua. Picha za zulia jekundu zinatufikia hata tusipozitafuta, kwa hiyo hayo nitayapita. Ni matamasha yanayokaa mahali pamoja, na watu wenye tiketi za ndege huyafuata. Leo nataka tutazame tamasha linalotembea lenyewe. Linabeba filamu chache sana, zamani tatu, miaka hii ya karibuni tano, linazizungusha katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na kila filamu inakwenda na maandishi ya tafsiri katika lugha 24. Hii ni Tuzo ya LUX, iliyoanzishwa na Bunge la Ulaya mwaka 2007. Mwaka 2012 ilianzisha msimu wake wa maonyesho, ulioitwa Siku za Filamu za LUX.

Ndiyo, bunge. Najua mnavyocheka. Sisi tukisikia bunge na filamu katika sentensi moja tunawaza bodi ya ukaguzi.

Kilichonivuta kwenye tuzo hii ni zawadi yake. Muongozaji aliyeshinda hakupewa hundi ya kwenda nayo nyumbani. Katika miaka ya mwanzo, takribani euro 90,000 zilitengwa kulipia tafsiri ya maandishi katika lugha zote rasmi za Umoja, toleo la watazamaji wenye matatizo ya kusikia, na nakala ya filamu kwa kila nchi. Kinyago anachopewa mshindi kimechongwa kwa mfano wa Mnara wa Babeli. Aliyebuni kinyago hicho alikuwa na ucheshi kuliko wabunge wenyewe.

Sasa, kwa nini watunga sheria wahangaike na maandishi ya chini ya picha? Ulaya haina upungufu wa filamu. Inatengeneza zaidi ya filamu 2,000 kwa mwaka. Lakini ukisimama kwenye dirisha la tiketi la sinema yoyote ya kawaida, zaidi ya nusu ya tiketi zinazouzwa ni za filamu za Marekani. Zinazobaki, sehemu kubwa ni za nchi hiyo hiyo: Mfaransa anatazama ya Mfaransa, Mtaliano ya Mtaliano. Filamu ya jirani ndiyo inayokosa nafasi. Filamu nyingi za Ulaya huzaliwa, huonyeshwa na husahauliwa ndani ya mpaka mmoja.

Chukueni Malta. Nchi nzima ina watu wapatao nusu milioni, na karibu wote wanajua Kiingereza. Msambazaji gani mwenye akili timamu atatoa fedha zake kuandika tafsiri ya Kimalta ya filamu ya Kiromania? Hayupo, na hatuwezi kumlaumu. Hesabu haimruhusu. Kwa hiyo fedha ya umma ndiyo inayoingia. Msimamo wangu, na nitaurudia hata mkichoka, ni kwamba fedha ya umma inayomfuata mtazamaji ina faida kuliko inayoishia kwa mtengenezaji. Kwetu tunapodai ruzuku tunadai kamera, taa na studio. Ni nadra kumsikia mtu akidai bajeti ya kuifikisha filamu Sumbawanga.

Nieleze kidogo ufundi wake, kwa sababu humu ndimo watu wa sinema wanamoongopeana. Enzi ya mkanda wa milimita 35, maandishi yalichomwa juu ya picha yenyewe. Nakala yenye maandishi ya Kigiriki ilikuwa ya Kigiriki mpaka kufa. Ukitaka Kifini unatengeneza nakala nyingine, magurudumu ya mkanda matano au sita, zaidi ya kilo 20 za mzigo wa kusafirisha. Leo filamu inasafiri kama faili kwenye diski, imefungwa kwa ufunguo wa kidijitali unaofungua kwenye mashine iliyotajwa tu, kwa siku na saa zilizotajwa tu. Maandishi yanakaa pembeni kama faili ndogo, na opareta anachagua lugha. Lakini mfasiri bado ni binadamu, na bado anabanwa na kanuni zilezile: mistari miwili, herufi kama 40 kwa mstari, na isikae kwenye skrini zaidi ya sekunde sita au saba. Mhusika akibwabwaja, mfasiri anachagua cha kutupa. Nawaambia wanafunzi wangu wajaribu zoezi hili kwa dakika tano tu za mazungumzo ya sokoni Kariakoo. Wengi hurudi na heshima mpya.

Na msidhani Ulaya nzima inapenda kusoma. Ujerumani, Italia, Uhispania na sehemu kubwa ya Ufaransa wamezoea waigizaji wengine waingize sauti zao mahali pa sauti za asili. Uholanzi na nchi za Skandinavia husoma. Poland, kwenye televisheni, wana utaratibu wao: mtu mmoja, mara nyingi mwanamume mwenye sauti nzito, anasoma maneno ya wahusika wote, mwanamke, mtoto na jambazi, huku sauti za asili zikisikika chini kwa mbali. Anayeshangazwa na hilo hajui kwamba sisi tulikuwa na Lufufu, msimuliaji wetu wa filamu za kigeni kwa Kiswahili. Aliyekulia kwenye vibanda umiza, yaani mabanda ya video ya Dar es Salaam, au Kenya akimsikiliza msimuliaji DJ Afro, anaujua utamaduni huu vizuri, tena wetu una chumvi zaidi, maana msimuliaji wetu haishii kutafsiri. Anamkanya shujaa, anamtania adui, na akiona filamu imepoa anaongeza yake.

Tuje kwenye filamu zenyewe. Sitazitaja zote, nimechagua zinazotugusa.

Mwaka 2011 ilishinda filamu ya Robert Guédiguian inayoitwa Les Neiges du Kilimandjaro, yaani Theluji za Kilimanjaro. Tulieni, msikimbilie kutafuta Moshi ndani yake. Ni filamu ya Marseille, mji wa bandari, habari ya mwanachama wa chama cha wafanyakazi aliyepunguzwa kazini jina lake lilipochomolewa katika kura aliyoiendesha yeye mwenyewe. Katika sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yao, yeye na mkewe wanachangiwa na jamaa safari ya kwenda Tanzania. Kisha wanavamiwa nyumbani, fedha na tiketi zinachukuliwa, na baadaye inabainika kwamba mmoja wa wezi ni kijana aliyepunguzwa naye siku ileile. Filamu nzima inauliza mfanyakazi mwenye nyumba, pensheni na wajukuu anadaiwa nini na mfanyakazi kijana asiye na kitu. Mlima wetu humo ni ndoto ya likizo tu, kama ilivyo kwenye wimbo wa Kifaransa wa miaka ya 1960 uliotoa jina hilo. Mtanzania anaweza kununa. Mimi nilifurahi, kwa sababu filamu hiyo inawaonyesha wazungu ambao watalii hawatuletei: wenye kuhesabu senti.

Ya pili nitakaa nayo zaidi. Quo vadis, Aida? ya Jasmila Žbanić, mshindi wa 2022. Tuko Srebrenica, Bosnia, Julai 1995. Aida ni mwalimu anayefanya kazi ya ukalimani kwa wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kutoka Uholanzi. Maelfu ya raia wamekimbilia kambini. Aida anatafsiri ahadi ambazo yeye mwenyewe haziamini, huku mumewe na wanawe wakiwa miongoni mwa umati. Kitambulisho chake cha Umoja wa Mataifa kinamlinda yeye peke yake. Wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliuawa katika siku zile.

Huhitaji kueleza sana filamu hiyo kwa hadhira yenye Wanyarwanda. Aprili 11, 1994, wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO pale Kicukiro, Kigali, wakaacha nyuma watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekimbilia kwao. Kilichofuata mnakijua. Srebrenica ilikuja mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, bendera ileile ya buluu.

Sasa tazameni waliotoa fedha. Filamu hii ni ya ushirikiano wa nchi tisa: Bosnia na Herzegovina, Austria, Romania, Uholanzi, Ujerumani, Poland, Ufaransa, Norway na Uturuki. Mmesikia Uholanzi? Nchi ambayo wanajeshi wake wanaonekana humo wakiinamisha vichwa imechangia kutengeneza picha hiyo. Wenzangu, tukiacha mambo ya kamera, hilo ndilo ninalolionea wivu. Na filamu yenyewe kwa asili ni ya Bosnia, ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila Bunge la Ulaya liliipa tuzo na kuizungusha.

Nimesema maneno mazuri ya kutosha, niseme na mabaya. Orodha ya washindi ina harufu ya kamati. Mwaka 2009 kijana Mkurdi anajifunza kuogelea ili avuke bahari kutoka Calais, Ufaransa, kwenda Uingereza. 2012 mama wa Kichina anafanya kazi ya baa katika mji wa wavuvi Italia. 2017 binti Msami, wa jamii ya wenyeji wa kaskazini ya Skandinavia, katika shule ya bweni Sweden ya miaka ya 1930, akifundishwa kuwaonea haya watu wake. Kila moja ni filamu nzuri, sipingi. Lakini ukizipanga pamoja unaona wabunge wanapenda filamu inayoweza kufuatiwa na mjadala wa meza. Kichekesho kwao ni mgeni. Ndiyo maana naipenda sana 2016, walipoichagua Toni Erdmann ya Maren Ade, dakika 162 za baba mwenye meno bandia akimwaibisha bintiye mbele ya mabosi wake huko Bucharest. Nilicheka mpaka aliyekaa mbele yangu akageuka.

Baadaye utaratibu ulibadilika. Sasa ni tuzo ya watazamaji: nusu ya alama ni za umma, nusu za wabunge. Na mshindi wa 2025 aliniacha hoi. Ni Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, katuni ya paka na wanyama wenzake juu ya mashua, dunia imefurika maji. Imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo yeyote hapa anaweza kuipakua bure usiku huu. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Tuzo iliyojengwa juu ya tafsiri katika lugha 24 ikaenda kwa filamu isiyohitaji kutafsiriwa. Wafasiri wa Brussels sijui walipokeaje habari hiyo.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko la ladha. Onyesho moja la jioni moja, bure, katika ukumbi wa utamaduni wa mji mkuu, halijengi soko. Waliokuja ni walewale ambao wangekuja vyovyote. Kwa hiyo tusiisifu LUX peke yake. Pembeni yake kuna Europa Cinemas, mtandao ulioanza 1992, ambao leo una kumbi zaidi ya 1,000. Huo unafanya jambo rahisi: ukumbi unaopanga filamu za nchi nyingine za Ulaya mara kwa mara, si siku ya sherehe tu, unapata ruzuku. Mwenye ukumbi anaionyesha filamu ya Denmark Jumanne ya mvua kwa sababu kuna faida kidogo. Tamasha linapiga ngoma, ukumbi wenye ruzuku unabaki na watu ngoma ikinyamaza.

Kwetu? ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ilianza 1998, na haikubaki Ngome Kongwe. Ilipeleka filamu vijijini pia, na hilo nalihesabu kuwa sehemu bora ya historia yake. Na kabla hatujajidharau, tukumbuke kwamba filamu za kina Steven Kanumba zilivuka mpaka kwenda Burundi, Rwanda na Kongo bila ruzuku ya bunge lolote. Zilivuka kwenye mabegi ya abiria wa mabasi, halali na haramu zikiwa zimechanganyika, zikiwa na maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa burudani nyingine kabisa. Njia ilikuwepo. Kilichokosekana ni fedha ya njia hiyo kumrudia mwenye filamu.

Nina dakika chache, nijibu swali la dada wa nyuma aliyeandika kwenye karatasi: je, filamu ya Mwafrika inaweza kuingia kwenye tuzo ya LUX? Imeshaingia. Kati ya tano za 2025 ilikuwemo Dahomey ya Mati Diop, iliyokwisha kushinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, 2024. Inafuata vitu 26 vya kifalme vilivyotoka Paris vikafika Benin Novemba 2021, na sanamu moja inazungumza kwa Kifon, lugha ya Benin. Sehemu niipendayo ni wanafunzi wa chuo kikuu wakibishana: vitu 26 kati ya maelfu, tushangilie au tukasirike? Watu wa Lindi wanaweza kuuingia mjadala huo bila kukaribishwa, maana mifupa ya mjusi wao mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ingali imesimama katika jumba la makumbusho huko huko Berlin.

Lakini dada, angalia Dahomey iliingiaje. Iliingia kwa sababu ni filamu ya Ufaransa, Senegal na Benin kwa pamoja. Mlango ni ushirikiano wa utayarishaji. Tafuta mshirika wa Ulaya mapema, kabla hujapiga picha ya kwanza, na ukiletewa mkataba usome wote, hasa ukurasa unaosema haki za kuionyesha filamu Afrika zinabaki kwa nani.