Jino Nililong'olewa Bure

(Mazungumzo na wastaafu, Tanga. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Assalamu alaykum, na kwa wasioitikia hiyo, habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine tutaamkiana kwenye chai.

Kichupa hiki kilikuwa cha dawa ya macho. Sasa ndani yake mna gego. Mpitishane, msiogope, limeshachemshwa. Litazameni vizuri: hakuna tundu, hakuna weusi, mizizi yote miwili ni mizima. Ni langu mimi mwenyewe. Nimekuwa tabibu wa meno miaka 31, na meno niliyong'oa katika mkoa huu yangejaza debe. Hili niliomba ling'olewe. Mwenzangu kazini alipiga picha ya eksirei, akaniambia, "Kaka, hapa hamna kitu." Nikamwambia wewe ng'oa.

Ilianza asubuhi moja nikinyoa ndevu. Wembe uligusa hapa, pembeni ya mdomo, ikaja shoti kutoka taya mpaka puani. Wanaoujua umeme: ni kama umeshika waya ulio wazi kisha mtu akazima swichi. Sekunde mbili, tatu. Imeshapita, nawe umebaki umejishika shavu, machozi yanakutoka. Baadaye ikawa ukitafuna inakuja, ukipiga mswaki inakuja, feni ikigeukia upande wako inakuja. Na mimi, mtu wa meno, nikasema hili ni jino, maana aliyeshika nyundo kila kitu kwake ni msumari. (Kicheko.)

Basi likang'olewa. Na maumivu yakaisha! Miezi minne sikusikia kitu, nikawa nawatangazia watu kwamba eksirei nayo hudanganya. Mwezi wa tano nakunywa uji wangu wa mtama, ikarudi. Palepale, mahali ambapo sasa hapana jino.

Miezi minne ile ndiyo iliyonileta mbele yenu leo. Ugonjwa huu, ambao ni wa mshipa wa usoni wala si wa jino, una tabia ya kupumzika. Hukupiga wiki kadhaa, kisha hukuacha miezi, wengine hata miaka, bila wewe kufanya lolote. Sasa chochote ulichofanya siku moja kabla ya kupumzika ndicho kitakachosifiwa. Uling'oa jino, basi tabibu ni hodari. Ulichanjwa shavu ukapakwa dawa, basi mganga ni hodari. Nimepokea watu walioko kwenye jino la tatu na la nne, kila moja likiwa limewapa nafuu ya muda. Na mimi, Mungu anisamehe, kuna niliowang'oa hivyo kabla sijaugua mwenyewe, wakanishukuru, wengine wakaniletea kuku.

Kiswahili chetu nacho kinatuponza. Neno mshipa linabeba mizigo mingi: mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na ngiri nayo watu huiita mshipa. Mgonjwa akisema "nina mshipa wa usoni" hujui uanzie wapi. Ninaouzungumzia ni mshipa wa fahamu. Ubongo hutoa jozi 12 za mishipa ya kichwani, na huu ni wa tano. Hujigawa matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na meno ya juu, la taya na meno ya chini. Waganga wa kitaalamu huuita trijemina. Huu ndio unaohisi mguso wa uso mzima, pamoja na kila jino mlilo nalo. Ndiyo maana ukiharibika huko mbali, karibu na shina la ubongo, wewe unaapa ni jino. Mara nyingi sababu ni mshipa wa damu uliolalia mshipa huu wa fahamu na kuupiga kwa kila pigo la moyo, mpaka ule utando wa nje ukachubuka, kama waya uliochunika mpira. Huwapata zaidi waliovuka miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Kijana akiupata, au uso ukafa ganzi muda wote, au maumivu yakawa pande zote mbili, huyo asiishie kwangu. Apelekwe akapigwe kipimo cha MRI, kwa sababu huenda kuna jambo jingine ndani.

Sasa jino lenyewe. Jino bovu haliji kama shoti. Linapwita. Ukinywa maji ya baridi linauma na linaendelea kuuma baada ya maji kupita. Usiku ukilala linazidi, ukikaa linapungua, nyote mmewahi kuona mtu anatembea uani saa nane za usiku. Nalo lina udanganyifu wake: siku moja linanyamaza ghafla. Mtu anasema nimepona. Hujapona, baba, kiini cha ndani kimekufa. Kitaoza polepole, na baada ya muda utaamka shavu limevimba.

Kwa hiyo kwa jino na kwa mshipa, swali la "bado linauma?" halitoshi. Mimi siku hizi nauliza linaumaje, kwa muda gani, na nini kinaliamsha.

Dawa za nyumbani. Karafuu ni dawa, wala si hadithi za bibi. Mafuta yake yana eujenoli, na sisi wenyewe hospitali tunayachanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Waliotoka Pemba hapa watembee kifua mbele. Lakini ni tone moja kwenye pamba, liingie kwenye tundu, lisimwagike kwenye ufizi. Aspirini ya kuweka shavuni huunguza ufizi, huacha kidonda cheupe. Maji ya betri, jamani, siwezi hata kuyazungumza. Na hakuna mdudu wa jino. Fauchard, tabibu wa meno wa Ufaransa, aliandika mwaka 1728 kwamba amemtafuta kwa hadubini asimwone, nasi bado tunafukizwa mvuke mdomoni tumtoe.

Ukingoja kuonwa, ibuprofeni ya 400 pamoja na panadol mbili, baada ya chakula, husaidia jino vizuri kuliko moja peke yake. Ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, moyo, au mjamzito, aachane na ibuprofeni. Kukimbilia amoksilini kwa jino linalopwita tu bila uvimbe ni kupoteza hela, haifiki kwenye kiini. Jino litazibwa, litatibiwa mzizi, au litang'olewa. Na uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza au kufungua mdomo, usingoje asubuhi.

Kwa mshipa, hizo panadol utazimeza kama karanga usione kitu. Dawa yake inaitwa kabamazepini. Tangu daktari wa Sweden, Blom, alipoijaribu mwaka 1962, ndiyo bado ya kwanza kupewa mgonjwa. Tatizo ni kwamba ni dawa ya kifafa. Yule binti wa duka la dawa aliniuliza kwa sauti, mbele ya foleni, "Mzee una kifafa?" Nikajikuta nasema ni ya jirani. Cheka tu, lakini nawajua watu walioitupa njiani kwa aibu hiyo. Nilianza na kidonge cha 200, nusu asubuhi nusu jioni, daktari akaongeza taratibu. Siku ya tatu nilitafuna mkate.

Haitaki mchezo. Inalevya, nililala kikaoni mara mbili, na sisi wazee ikitutia kizunguzungu tunavunjika nyonga. Ukitoka vipele au vidonda mdomoni, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usiiache ghafla kwa kujiamulia. Na inagombana na dawa nyingine: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi. Usimfiche daktari unachotumia.

Kuishi nao sasa. Nilinunua daftari la kurasa 48, nikaandika saa, nilikuwa nafanya nini, ilidumu kiasi gani. Daktari alisema daftari lile lilimsaidia kuliko maelezo yangu ya saa nzima. Nikaona mguso mwepesi ndio adui: upepo, unywele, mtandio. Kushika kwa nguvu kulikuwa na nafuu. Nikaona pia kwamba baada ya shoti mshipa hutulia kidogo, na hapo ndipo nilipokuwa nameza tonge zangu, za vuguvugu, upande mwingine. Kutawadha kulinitesa. Niliwaza tayamamu, nikakumbuka nayo ni kupaka uso, umekimbia maji umekutana na kiganja. Nikazoea maji ya uvuguvugu na kuukandamiza uso badala ya kuupangusa. Ndevu mnazoziona si uchaji, ni woga wa wembe.

Nyumbani tulikuwa na ishara. Nikiinua kiganja, mke wangu ananyamaza nami nanyamaza. Maana huna kidonda, huna uvimbe, watu wanadhani unajidekeza. Na usiku mtu huwaza mabaya. Mimi niliwaza. Asubuhi nilimwambia mke wangu, yeye akamwambia daktari, nikaongezewa dawa na nikaulizwa habari zangu kama mtu. Mwenye mgonjwa nyumbani asimwache peke yake na maumivu hayo.

Dawa zikishindwa kuna upasuaji. Jannetta, daktari mpasuaji wa Marekani, kuanzia miaka ya 1960, ndiye aliyeusambaza ule wa kutenganisha mshipa wa damu na wa fahamu kwa kipande kidogo cha teflon. Mimi sijaufikia.

Mama wa pale nyuma anauliza: uso unaouma na una malengelenge upande mmoja? Hiyo huenda ni mkanda wa jeshi, mama. Ukiwa karibu na jicho nenda leo, tusinywe chai kwanza. Na yule aliyepooza mdomo ukaenda upande ni mshipa wa saba, jirani tu, naye awahi hospitali.

Sasa kichupa changu kimefika wapi? Kirudisheni. Mwenye jino au shavu linalomsumbua abaki, nina tochi na kioo. Na kama alishang'oa mengine upande huohuo, anieleze kila moja lilimpa nafuu ya muda gani.