Baldur's Gate 3: Jinsi ya Kuchagua Klasi Inayoendana na Hadithi

Habari zenu wapenzi wa magemu, karibuni sana. Leo tumefungua Baldur's Gate 3, na tutakaa sehemu moja tu: skrini ya kutengeneza mhusika. Wengi hufika hapa wakiuliza klasi ipi, yaani aina ipi ya mhusika na uwezo wake, ina nguvu kuliko zote. Swali hilo tuliweke kando kwanza. Ukicheza kwa ugumu wa kawaida, klasi yoyote kati ya hizi 12 inaweza kukufikisha mwisho. Tofauti kubwa iko kwenye hadithi: nani atakuambia nini, nani atakuamini, na jambo gani litakuuma wewe kuliko mchezaji mwingine. Hadithi ya gemu hili ni tamu mno kuipitia ukiwa mgeni asiyehusika na chochote.

Gemu halina Kiswahili, kwa hiyo majina nitayataja kama yanavyoonekana kwenye skrini, kisha nieleze maana yake. Nitagusia mambo machache ya hadithi, hasa ya mwanzoni. Siri kubwa sitazifichua.

Hatua ya kwanza, usibonyeze kitu. Weka kontrola chini. Hadithi inaanza hivi: umetekwa na viumbe wanaoitwa mind flayer, wamekupandikizia kiluwiluwi kichwani, na kiluwiluwi hicho kinaweza kukugeuza uwe kama wao. Unatafuta tiba, na wenzako wa safari wana tatizo hilo hilo. Sasa jiulize: mhusika wangu anaogopa kupoteza nini? Imani yake? Heshima? Uhuru? Akili yake? Andika jibu kwa sentensi moja, hata kwenye simu. Mfano: "Huyu ni mtu aliyeapa kutomdhuru asiye na hatia, na sasa kuna kitu kichwani kinachomshawishi atumie nguvu zake." Ukishakuwa na sentensi ya namna hiyo, klasi inaanza kujitokeza yenyewe.

Hatua ya pili, ijue njia unayokwenda kupita. Hadithi ina sehemu tatu. Ya kwanza iko porini: kuna msitu mtakatifu uitwao Emerald Grove, ambamo wakimbizi wa kabila la tiefling kutoka mji wa Elturel wamejihifadhi, na walinzi wa msitu, hao druid, wanataka kuwafukuza na kuufunga msitu kwa tambiko. Ya pili ni nchi iliyofunikwa na giza la laana, na humo mambo ya miungu yanakuwa mazito, hasa Shar, mungu wa giza, na Selûne, mungu wa mwezi. Ya tatu ni jiji la Baldur's Gate lenyewe, lenye matajiri, wezi, wanasiasa na wafanyabiashara. Ipi kati ya hizo tatu unataka ikuguse? Anayevutiwa na msitu hatachagua sawa na anayevutiwa na jiji.

Sasa tuingie hatua ya tatu, ndiyo yenyewe. Fungua orodha ya klasi. Mchezo huu umejengwa juu ya kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Toleo la kwanza kabisa, la mwaka 1974, lilikuwa na klasi tatu tu: mpiganaji, mtu wa uchawi na kuhani. Leo ziko 12, na wanaoanza hupotea hapo. Njia yangu ya kuzipanga ni hii: tazama ni klasi zipi zinakulazimisha kuchagua tawi lake, yaani mkondo maalumu ndani ya klasi, papo hapo, ukiwa kiwango cha kwanza. Ni nne: Cleric, Paladin, Sorcerer na Warlock. Nyingine hukuachia mpaka kiwango cha pili au cha tatu.

Hilo lina maana kubwa kihadithi. Wale wanne wanaingia mchezoni wakiwa tayari wamefungwa na jambo fulani. Cleric ana mungu. Paladin ana kiapo. Warlock ana mkataba. Sorcerer ana damu aliyozaliwa nayo. Hawa wengine wanane huwa wanajitambua wakiwa safarini. Kwa hiyo irudie sentensi yako. Kama inazungumzia jambo lililotokea kabla ya kutekwa, anza na wanne hawa. Kama inazungumzia mtu anayetaka kuwa fulani, wapitie wale wanane.

Tuanze na Cleric, yaani kuhani, kwa sababu nadhani ndiye anayezama ndani ya hadithi hii kuliko wote. Ukimchagua, utaletewa orodha ya miungu. Usiipite haraka! Mungu unayemchagua anabadilisha mazungumzo. Mmoja wa wenzako wa mwanzo, Shadowheart, ni kuhani wa Shar, ingawa mwanzoni hataki ijulikane. Sasa fikiria wewe ni kuhani wa Selûne, adui mkubwa wa Shar, mnaota moto mmoja kambini kila usiku. Mvutano huo unauona kwenye maneno, na mkifika ile nchi ya giza unakuwa mzito zaidi. Ukichagua Mystra, mungu wa uchawi, utakuwa na la kumwambia mwenzako mwingine, Gale, maana maisha yake yamefungamana naye. Kwa hiyo Cleric ni klasi moja, lakini ndani yake mna safari nyingi tofauti.

Paladin ni shujaa wa kiapo, na hapa gemu linakuchunga kweli kweli. Kuna kiapo cha uadilifu, cha kulinda uhai, na cha kisasi, na tangu Aprili 2025 kimeongezwa cha kuitumikia sheria na utawala. Ukienda kinyume na kiapo chako, kwa mfano kushambulia wasio na hatia, kiapo kinavunjika hapo hapo na nguvu zake unazipoteza. Kisha mtu mmoja mwenye deraya nyeusi anakuja kambini kwako kuzungumza nawe. Unaweza kulipa dhahabu 1000 kukirudisha kiapo, au ukafuata njia ya Oathbreaker, mvunja kiapo, ambayo huwezi kuichagua kwenye skrini hii. Inapatikana kwa kuanguka tu. Ushauri wangu: kama unapenda kuiba, kudanganya na kupima kila jibu baya uone litakuwaje, Paladin atakuchosha. Kama unataka kila uamuzi uwe na uzito, huyu ndiye. Na wasio na subira na watu waovu wachague kile cha kisasi, kinakubaliana zaidi na ukali.

Warlock na Sorcerer nitawaweka pamoja na Wizard, kwa sababu watu huwachanganya. Wote watatu ni wa uchawi. Wizard ameusoma vitabuni, Sorcerer amezaliwa nao, Warlock ameupata kwa kufunga mkataba na nguvu iliyomzidi. Kihadithi, Wizard ni mtu wa udadisi: anajifunza uchawi mpya kutoka kwenye hati anazoziokota, hivyo kila pango unaloingia lina kitu kwa ajili yake. Sorcerer anafaa kwa mtu anayeuogopa mwili wake mwenyewe, hasa ukichagua tawi la Wild Magic, ambalo uchawi wake hulipuka bila kutabirika. Gemu hili linahusu kitu kilichojificha kichwani kisichokuwa chini ya amri yako, na hapo Sorcerer anaingia vizuri sana. Warlock ni mzuri kwa vita na mazungumzo, ila jua jambo moja: bwana wa mkataba wa mwenzako Wyll, mwanamke aitwaye Mizora, anatokea kwenye hadithi na kumsumbua. Bwana wa mkataba wako wewe uliyejitengenezea mhusika hatokei namna hiyo. Itabidi umjaze kwa mawazo yako.

Tukija kwa wale wanane, simama kwanza kwa Druid na Bard.

Druid ni mlinzi wa msitu, anayejigeuza mnyama. Nimesema sehemu ya kwanza yote inazunguka Emerald Grove. Ukiingia pale ukiwa Druid, unaingia kwa watu wako, na watu wako wanafanya jambo unaloweza kulipinga kutoka ndani. Kagha, anayewaongoza wakati kiongozi wao Halsin hayupo, utazungumza naye kama mtu wa nyumba moja. Na ukiwa na umbo la mnyama unaweza kuongea na wanyama wenzako, ambao humu wana maneno mengi na mazuri. Mimi mchezaji mpya mwenye huruma na wakimbizi ningemwelekeza hapa bila kusita.

Bard ni malenga. Sisi tunamjua malenga, tunajua ubeti unaweza kumvunja mtu kuliko rungu. Humu jambo hilo ni la kweli kabisa: Bard ana uchawi wa kumdhihaki adui hadi aumie. Pale msituni kuna mwanamuziki aitwaye Alfira anayehangaika na wimbo wake, na malenga akimkuta, tukio linakuwa na ladha yake. Ukipiga ala mtaani watu wanakusanyika, wanakutupia sarafu. Anaijua mizaha, anaijua lugha ya mabwana wakubwa, kwa hiyo sehemu ya tatu, ya jijini, inamkaa vizuri.

Waliobaki nitawapitia kwa haraka. Rogue, mtu wa kunyemelea na kufungua makufuli, anang'aa jijini. Barbarian, mpiganaji wa hasira, ana majibu ya ukali yanayofurahisha, na hadithi yake inakuwa nzuri ukimpa sababu ya hiyo hasira. Fighter hana mizizi mirefu kwenye mazungumzo, hivyo mzigo wa hadithi unaubeba kwa njia nyingine nitakayoieleza sasa hivi. Ranger na Monk ni wazuri vitani, lakini kwa macho yangu gemu limewapa machache ya kusema. Ukiwachagua, wachague kwa kupenda mtindo wao wa kupigana.

Hatua ya nne, tazama Background, yaani maisha ya mhusika kabla ya hadithi. Watu huruka sehemu hii, na ndiyo inayomwokoa Fighter. Soldier, askari, Noble, mtoto wa ukoo, Urchin, mtoto wa mtaani, Folk Hero, shujaa wa wananchi. Kila moja ina malengo yake yaliyotawanywa mchezoni, na ukitimiza lengo unapata pointi ya Inspiration, inayokuruhusu kurudia kurusha dadu. Fighter aliyekulia mtaani, akirudi jijini mwishoni, tayari ana hadithi. Usioanishe vitu vinavyofanana sana kila mara. Paladin aliyekuwa Criminal, mhalifu, ana la kusimulia zaidi kuliko Paladin aliyekuwa Noble.

Hatua ya tano, nani atazungumza? Mazungumzo mengi utayaongoza na huyu unayemtengeneza, na matokeo huamuliwa kwa dadu ya pande 20 pamoja na uwezo wake. Bard, Paladin, Sorcerer na Warlock hutegemea Charisma, yaani mvuto, kwa hiyo kushawishi, kutisha na kudanganya huwa vyepesi kwao. Klasi nyingine isikukatishe tamaa. Mpe pointi kidogo za Charisma, au hakikisha kikosini kuna Cleric au Druid mwenye uchawi wa Guidance, unaoongeza dadu ndogo ya pande 4 juu ya jaribio lako. Shadowheart anaweza kukufanyia hivyo tangu mapema.

Na kuhusu wenzako: kikosi ni watu wanne. Shadowheart ni Cleric, Lae'zel ni Fighter, Astarion ni Rogue, Gale ni Wizard, Wyll ni Warlock, Karlach ni Barbarian. Wengine watakushauri ukwepe klasi ambayo mwenzako anayo. Kwa hadithi si lazima. Makuhani wawili wa miungu wanaopingana ni jambo tamu, nimeshaeleza.

Hatua ya sita, panga namna ya kuijaribu. Cheza mpaka Emerald Grove. Kwenye mazungumzo, tazama mwanzoni mwa machaguo: jina la klasi yako litaandikwa kwa herufi kubwa pale chaguo linapokuwa lako peke yako. Ukiyasoma hayo na ukahisi ndivyo huyu mtu angesema, endelea. Ukihisi hayakuhusu, mtafute mhusika aitwaye Withers. Yuko kwenye kaburi la kale karibu na ufukwe unaoangukia mwanzoni, na hata usipomkuta atakuja kambini mwenyewe. Kwa dhahabu 100 anakubadilishia klasi nzima. Anaweza kuwabadilisha hata wenzako, ila hadithi zao zinabaki vile vile. Shadowheart utakayemfanya mpiganaji bado ni mtu wa Shar.

Withers habadilishi asili ya mhusika, yaani elf, dwarf, binadamu na wengineo, wala Background. Kwa hiyo rudi juu ya skrini, hayo mawili yatazame tena ukiwa na ile sentensi yako mkononi. Tayari? Bonyeza Venture Forth. Litakuja ombi la kutengeneza mtu wa pili, mlinzi unayemwota. Huyo hana klasi ya kuchagua, mpe sura unayoipenda. Mazungumzo yako ya mwanzo yatakuja dakika chache baadaye, ndani ya chombo kinachoungua. Usiwe na haraka ya kubonyeza. Soma machaguo yote mpaka la chini kabisa.