Dampo Wapo? Jina la kituo na umbali wa kituo jijini Dar es Salaam

Ndugu zangu, hamjambo. Nashukuru kwa mwaliko. Ninyi mnaosomea mipango miji najua mnategemea nianze na vipimo vya banda la abiria. Vitakuja. Kwanza tukae kwenye jina, kwa sababu hapa Dar kituo husikika kabla hakijaonekana.

Panda daladala ya Tabata saa moja jioni. Umesimama, kwapa la mwenzako liko usoni pako, dirisha hulioni. Konda anapaza sauti: "Dampo wapo?" Akijibiwa "Wapo, shusha!" anagonga bodi, gari linasimama. Mkinyamaza, linapita. Kwa hiyo jina zuri la kituo ni lile linalopenya kelele, fupi na lisilofanana na la jirani yake: Sheli, Mataa, Kona, Bucha, Relini. Tena lina sehemu mbili. Ukiwa Kariakoo unasema unakwenda Tabata Dampo au Buguruni Sheli, maana sheli ziko kila mahali. Ukishapanda gari, Tabata inadondoka yenyewe, inabaki Dampo. Hakuna kamati iliyokaa ikapanga hivyo, na sijaona mpango wa ofisini unaoushinda huu.

Dampo lenyewe, yaani jaa la taka, halipo. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na harufu, wakashinda, na baadaye taka zikahamishiwa kwingine. Jina likabaki kituoni. Kimara Mwisho nayo daladala zilishaipita kitambo kwenda Mbezi, ambako nako kuna Mwisho yake. Kisha mwaka 2016 mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yao wenyewe, ukaja, njia yake kuu ikaishia Kimara hapohapo, na jina likapata kazi tena. Ubungo ilijengewa barabara za juu, zikafunguliwa mwaka 2021 kwa jina la Kijazi. Makonda wanaendelea na Mataa.

Waliopanga vituo vya mwendokasi nawasifu kwa jambo moja: walichukua majina yaliyokuwa midomoni mwa watu. Ukitoka Kimara unapita Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo. (Mgeni akisikia Korogwe anaweza kudhani ameshafika Tanga, na mbele bado anasubiriwa na Kagera!)

Sasa umbali. Awamu ya kwanza ya mwendokasi ina takriban kilomita 21, vituo 27 na vituo vikuu 5. Gawanyeni: ni wastani wa mita 650 hadi 700 kati ya kituo na kituo. Anayetokea katikati ya viwili anatembea kama mita 350 kandokando ya barabara, dakika nne au tano. Ukimwongezea kituo mlangoni kwake, basi zima litapunguza mwendo, lifungue milango, lifunge, liondoke upya. Ni kama nusu dakika ya kila aliyemo ndani. Mimi nipo upande wa kutembea, ila kwa sharti kwamba njia ya kutembelea ipo na haijageuzwa maegesho ya bodaboda.

Vituo hivyo viko katikati ya barabara, basi linafungua mlango wa kulia, na sakafu ya kituo iko usawa na sakafu ya basi, hivyo mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia. Lakini ili akifikie kituo lazima avuke magari. Kivuko hicho ni sehemu ya kituo, na mwanafunzi atakayeniletea mchoro usiokionyesha nitamrudishia.

Kwa daladala, umbali huamuliwa na watu. Dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, kila kichwa ni nauli, kwa hiyo anasimama walipo watu. Na watu wanasimama uchochoro wa mtaani unapotokea barabara kuu, au penye kivuli cha mwembe. Ukijenga banda mita hamsini mbele ya hapo, tena lenye bati lisilozuia jua la alasiri, umewajengea wauza karanga. Halafu askari wa barabarani anakuja kuwakamata madereva kwa kosa la mchoraji.

Pendekezo langu ni dogo na la rangi tu. Mabanda mengi ninayopita yana tangazo la soda au la simu, hayana jina la kituo. Andikeni jina, kubwa, likitazama gari linalokuja, kwenye usawa wa macho ya aliyekaa dirishani. Kiziwi hamsikii konda. Mgeni anamsikia ila hajui kama Rozana inakuja au imeshapita. Na kabla rangi haijafunguliwa, pandeni gari la njia hiyo muorodheshe anavyoita konda, kwa mpangilio uleule. Ramani za halmashauri zina majina ya mitaa ambayo hajawahi kushuka mtu.

Naona mkono umeshanyooshwa kule nyuma. Karibu dada, uliza.