Wewe Mwana wa Nani? Mhadhara kuhusu kutafuta asidi jazi mpya

Assalamu alaykum, na wengine wote hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na jua hili. Naona kashata zimekwisha kabla hata sijasimama, kwa hivyo najua ni wangapi waliokuja kwa ajili yangu na wangapi kwa ajili ya kashata. Hapana neno.

Nimeletwa hapa na kijana mmoja. Alikuja kibandani kwangu na spika iliyopasuka, na wakati naifungua akaniambia, "Mzee, asidi jazi nimeimaliza. Jamiroquai wote, Incognito wote, Brand New Heavies wote. Sasa nisikilize nini?" Hizo ni bendi za Uingereza za muziki huo. Nilicheka, nikamwambia muziki si sahani ya pilau hata useme umeumaliza. Akalipa, akachukua spika yake, akaenda zake. Mimi nikabaki na swali lake wiki nzima, maana jibu nililompa lilikuwa la kejeli, na yeye alikuwa ameuliza kwa dhati.

Tuanze na jina, kwa sababu hapa kwetu ukitaja asidi mtu anafikiria maji ya betri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa London walikuwa wamepagawa na muziki wa dansi wa mashine ulioitwa asidi hausi. Dijei mmoja, Gilles Peterson, pamoja na mwenzake Chris Bangs, ikawa zamu yao kupiga muziki baada ya dijei wa asidi hausi. Wakaweka santuri kuukuu ya fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, na maneno yakatoka kwenye kipaza sauti: kama ile ilikuwa asidi hausi, basi hii ni asidi jazi. Ulikuwa mzaha. Lakini mzaha ukanata, na Peterson na Eddie Piller wakaipa lebo yao, yaani kampuni yao ya kutoa santuri, jina hilo hilo, Acid Jazz Records, iliyoanza 1987.

Kwa hivyo msitafute asidi ndani ya muziki wenyewe. Mtakachokuta ni kinanda cha Hammond, gita la besi linalotembea mbele kama mwenye nyumba, tarumbeta, na dramu zinazokuzuia kukaa kitako.

Na jazi je? Hapo nasi tuna maneno yetu. Babu zetu walicheza Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz. Jazi katika majina yale ilikuwa na maana ya bendi ya dansi, magita na tarumbeta, na anayetafuta humo jazi ya New York atatoka mikono mitupu. Mbaraka Mwinshehe, aliyeng'ara na Morogoro Jazz, alifariki kwa ajali ya gari papa hapa Mombasa, Januari 1979, na bado kuna wazee wanaosimulia siku ile. Nalitaja hili ili mjue kwamba jina la aina ya muziki ni kibao cha mlangoni tu. Nyumba yenyewe iko ndani.

Sasa jambo lililonileta. Asidi jazi ilizaliwa na wasikilizaji kabla haijazaliwa na wapigaji. Walikuwapo kwanza watu wanaopekua maboksi ya santuri zilizosahauliwa, za Blue Note, lebo ya jazi ya Marekani, na za fanki ya miaka ya 1960 na 1970, wakizipigia watu wacheze. Peterson na Patrick Forge walifanya hivyo Jumapili mchana kwenye ukumbi wa Dingwalls, Camden. Waliocheza pale, baadhi yao, wakarudi nyumbani kushika vyombo. Muziki huu una wazazi wanaojulikana kwa majina, na huo ndio mlango wa kuingilia.

Mnajua mtoto akipita barazani Mji wa Kale, mzee aliyeketi pale hamuulizi anaitwa nani. Anamuuliza, "Wewe mwana wa nani?" Akishajibiwa, mzee amekwisha kujua nyumba, mtaa, shangazi, na deni ambalo babu yake hajalipa. Mimi wimbo nauuliza vivyo hivyo.

Nilijifunza kwa taabu. Mjomba wangu alikuwa baharia, na katikati ya miaka ya 1990 alirudi na kaseti moja aliyorekodiwa na mwenzake wa melini. Haikuwa na karatasi wala jina, ila mchirizi wa kalamu nyekundu. Upande wa pili, wimbo wa tatu, mwanamke anaimba kwa sauti inayopanda bila kupiga kelele, na besi chini yake kama mawimbi ya Likoni feri ikishaondoka. Niliupiga kibandani mpaka utepe ukaanza kulia. Kila mteja namuuliza, hakuna anayejua. Ile ilikuwa kaseti yatima. Nilikuwa nayo mkononi lakini haikuwa na wa kunipeleka kwake.

Siku moja mgeni mmoja anangojea redio yake, akainua kichwa na kusema: Young Disciples! Wimbo ni "Apparently Nothin'", wa 1991. Na anayeimba ni Carleen Anderson.

Mwana wa nani? Mwana wa Vicki Anderson, aliyekuwa mwimbaji katika kundi la James Brown, nguli wa fanki wa Marekani. Na baba yake wa kambo ni Bobby Byrd, mtu aliyesimama kando ya James Brown jukwaani miaka nenda miaka rudi. Wallahi nilikaa chini. Wimbo mmoja ulikuwa umenifungulia nyumba nzima. Nikaanza kumtafuta Vicki, kwa Vicki nikawakuta wapiga tarumbeta wa James Brown, na nikawa na kazi ya mwaka mzima.

Kijana wa spika, yuko pale nyuma namuona, usijifiche. Wewe hujamaliza asidi jazi. Umemaliza majina ya mbele ya jalada. Geuza jalada.

Nikupe mfano mmoja nisimame hapo kidogo, kwa sababu ni mtamu. Mwaka 1993 Guru, yule mwimba rapu wa kundi la Gang Starr la Marekani, alitoa albamu inayoitwa Jazzmatazz. Mimi naiita arusi. Mnajua arusi ya hapa: umealikwa na upande mmoja, ukifika unakuta koo zote zimekaa kwenye jamvi moja, na hujui nani amehusiana vipi na nani mpaka uanze kuuliza. Ndani ya Jazzmatazz yumo N'Dea Davenport, mwimbaji wa Brand New Heavies ambao kijana wangu anasema amewamaliza. Yumo Carleen Anderson, yule yule wa kaseti yangu. Wamo wazee: Donald Byrd na tarumbeta yake, Lonnie Liston Smith kwenye kinanda, na marehemu Roy Ayers na vibrafoni, kile chombo cha vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti. Yumo Courtney Pine, msaksafoni wa London.

Chagua mmoja, mfuate mpaka kwao. Ukimfuata Lonnie Liston Smith utafika kwenye Expansions, albamu ya 1975. Ukiisikiliza utaapa kwamba bendi za London ziliitia mfukoni nzima nzima. Ukimfuata Roy Ayers utafika Nigeria: mwaka 1979 alizunguka huko na Fela Kuti, baba wa afrobiti, na wakatoa santuri pamoja 1980. Yaani umetoka Brand New Heavies, umepita arusini, umefika Lagos, na hujatumia zaidi ya majina matatu.

Sasa rudi arusini, mshike mkono Courtney Pine, na uelekee upande wa pili, upande wa wajukuu. Pine alikuwa katika Jazz Warriors, bendi ya vijana weusi wa London ya miaka ya 1980. Mpiga besi wa bendi hiyo, Gary Crosby, pamoja na Janine Irons, walianzisha Tomorrow's Warriors mwaka 1991, mahali pa kuwafundisha vijana jazi bila malipo. Humo wakatoka Nubya Garcia, Moses Boyd, na ndugu wawili wa dramu na besi, Femi na TJ Koleoso, wa Ezra Collective. Mwaka 2023 Ezra Collective walichukua tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza, bendi ya kwanza ya jazi kuipata. Wasikilize, halafu niambie kama humsikii Fela mle ndani. Tulimuacha Lagos, kumbe alitutangulia London.

Hao ndio wapya uliokuwa ukiniulizia. Hawajiiti asidi jazi, na ukitafuta kwa jina hilo huwapati.

Ndio maana sina imani na zile mashine za kupendekeza nyimbo. Hazina ubaya, ni wavivu tu. Ukila samaki wa kupaka leo, kesho itakuletea samaki wa kupaka, na keshokutwa samaki wa kupaka aliyepoa. Na zile orodha za saa tatu zilizoandikwa asidi jazi, zenye picha ya kikombe cha kahawa na mvua dirishani, nyingi ni muziki wa kungojea lifti. Hammond ukiipiga sawasawa inatoa jasho. Kama unaweza kusinzia, umeuziwa kitu kingine.

Lakini intaneti hiyo hiyo imenifutia ile taabu ya kaseti yatima, nisiwe mchoyo wa shukrani. Kuna Discogs, ambako watu wa dunia nzima wameandika yaliyomo kwenye majalada: nani alipiga besi, nani filimbi, nani alikaa kwenye mitambo. Kuna Bandcamp, ambako mara nyingi unaweza kuusikiliza wimbo kabla ya kununua, na bendi zenyewe huandika waliohusika. Mimi nikiipenda besi, namsaka mpiga besi. Waimbaji huhama na huvalishwa nguo tofauti kila albamu, lakini mpiga besi mzuri anajulikana kwa hatua zake hata gizani.

Njia nyingine ni vipande. Watu wa Us3, kundi la London, walichukua kipande cha "Cantaloupe Island" ya mpiga piano Herbie Hancock, ya 1964, wakakizungusha na kuweka rapu juu yake, ikawa "Cantaloop". Wengi wenu mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua. Ile sauti ya mtu anayewatangaza wanamuziki mwanzoni ni ya Pee Wee Marquette, mtangazaji wa klabu ya Birdland, New York, iliyorekodiwa 1954 usiku wa mpiga dramu Art Blakey. Wimbo mmoja, vizazi vitatu. Blue Note wenyewe waliwafungulia ghala lao. Ukisikia kitu kinachojirudia rudia na kina mkwaruzo kuliko vingine, hapo pana mzazi, chimba.

Haya, muda. Niwapeleke karibu na nyumbani.

Kiongozi wa Incognito, anayeitwa Bluey, jina lake kamili Jean-Paul Maunick, alizaliwa Morisi mwaka 1957. Bahari hii hii yetu. Nikiwasikiliza Incognito huwa najiambia huyu mtu alilala na mvumo ule ule wa maji niliolala nao mimi. Pengine najidanganya, lakini ni uongo mtamu, niachieni.

Jirani mwingine ni Mulatu Astatke wa Ethiopia, aliyezaliwa Jimma 1943, akasoma Uingereza na kisha Berklee, Boston, akarudi na vibrafoni na kuichanganya na ngazi za sauti za nyimbo za kwao. Watu wa asidi jazi na wajukuu zao wanamheshimu kama shekhe. Mwaka 2009 alitoa albamu na kundi la London liitwalo The Heliocentrics. Sikio lililolelewa na taarab halitapata tabu naye, nahisi hata litamuelewa haraka kuliko la mzungu.

Halafu kuna hili, na naapa silitungi. Andika neno Mombasa na neno jazi kwenye intaneti. Utakuta bendi inaitwa Mombasa, iliyoundwa Ujerumani miaka ya 1970 na Mmarekani mpiga tromboni, Lou Blackburn. Albamu yao ya 1975 inaitwa African Rhythms and Blues. Mara ya kwanza nilikasirika: nani kawapa ruhusa ya kutumia jina letu? Nikaiweka nikiwa nimekunja uso. Dakika tano baadaye mguu wangu ulikuwa umenisaliti. Ngoma na tromboni, hakuna haraka, na besi, subhanallah. Tangu hapo nimeacha kuuliza ruhusa.

Na waliozaliwa hapa? Mombasa Roots walichukua chakacha wakaitia kwenye disko, na harusi nyingi za hapa zimechezwa na matokeo yake. Slim Ali, mwana wa mji huu, aliimba soul kama mtu aliyekulia Memphis. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ilikusanya nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 kwenye Kenya Special, na humo mna wimbo "Sina Raha", Hafusa Abasi akiimba na Slim Ali. London walikuja kuupekua kwetu kama walivyopekua Blue Note, nasi tulikuwa tumeukalia.

Adhana ya magharibi haiko mbali, kwa hivyo napiga huo mmoja tu, maswali yatafuata tukishatoka msikitini. Wewe wa spika, njoo ukae mbele hapa, karibu na besi. Wimbo ukiisha nitakuuliza ni nani mwingine umemsikia humo. Na mmoja wenu afunge lile dirisha la barabarani, tuktuk zinatushinda. Haya. Sikilizeni.