Aliye Karibu na Tatizo Hajaulizwa

Mhadhara kwa wakuu wa idara na wafanyakazi, Tororo

Mheshimiwa mwenyekiti, wakuu wa idara, ndugu zangu wafanyakazi, hamjambo.

Barua ya mwaliko iliniuliza: tuwafundishe vipi wafanyakazi wetu wawe wabunifu? Swali hilo nimeulizwa Kampala, nimeulizwa Mbale, na jibu langu ni lilelile. Hawahitaji kufundishwa, wanahitaji kuulizwa. Mtu anayekaa kimya kwenye mkutano wenu wa Jumatatu, mfuateni nyumbani Jumamosi. Mtamkuta amefufua pampu ya maji kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nendeni Katwe, kule Kampala, mkaone vijana wanavyounda majiko na mashine kutokana na vyuma chakavu, bila mchoro. Nendeni hapo Busia, ambako watu wenye baiskeli waliona wasafiri wakitembea na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya, wakaweka kiti nyuma, wakaanza kuwabeba. Leo bodaboda imejaa Afrika Mashariki nzima, na hakuna aliyewaitia semina. Kwa hiyo mtu akiniambia watu wetu hawana ubunifu, nakasirika, wala sifichi.

Kinachotokea ni kwamba mtu huyohuyo akishavuka geti la kazini anaambiwa: fanya ulivyoagizwa. Anafanya alivyoagizwa. Kisha mnamlaumu kwamba hafikiri.

Kuna kisa nakisimulia kila ninapoalikwa, na waliokwisha kukisikia wanivumilie. Ni ghala moja la nafaka mashariki mwa nchi hii, silitaji jina. Kila msimu wa mvua, magunia ya mahindi ya safu ya chini yalikuwa yanaota ukungu. Na nyinyi wa huku mpakani mnajua ukungu wa mahindi ni nini: ndani yake kuna aflatoksini, sumu inayoharibu ini. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Tanzania kwa sababu hiyohiyo, malori yakakwama.

Uongozi ukanunua maturubai. Ukungu ukabaki. Ukanunua mbao za kuinulia magunia. Ukungu ukabaki. Ukamleta mtaalamu, akaandika ripoti nene iliyosema sakafu yote ivunjwe ijengwe upya. Fedha za sakafu zikiwa bado zinatafutwa, mhasibu mmoja, mtu wa hesabu tu, akamuuliza mlinzi wa usiku: Mzee, haya maji yanaingilia wapi?

Mlinzi akajibu palepale: chini ya mlango wa nyuma. Kwa nini yapite pale? Kwa sababu yanajaa uani. Kwa nini yajae uani? Mtaro umeziba. Umezibwa na nini? Kamba na vipande vya magunia, vijana wa kupakua wanavitupa humo. Kwa nini wavitupe humo? Kwa sababu pipa la taka liliondolewa ili gari la meneja lipate kivuli cha kuegesha.

Pipa likarudishwa, mtaro ukazibuliwa, na msimu uliofuata magunia ya chini yalikuwa makavu. Sakafu haikuguswa.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mlinzi yule alikuwa akiyaona maji yale kwa tochi yake kila mvua iliponyesha. Nilimuuliza meneja kwa nini habari hiyo haikumfikia. Akanijibu: hakuwahi kuja ofisini kwangu. Jamani! Mlinzi abishe hodi kwa meneja amwambie kwamba gari lako ndilo linaloozesha mahindi? Nani kati yenu angethubutu? Mimi simlaumu mlinzi hata kidogo. Namlaumu aliyepita mbele yake asubuhi na jioni, akamsalimu, asimuulize chochote.

Maswali yale ya kwa nini, kwa nini, yana asili yake. Taiichi Ohno wa Toyota aliwazoeza watu wake waulize hivyo mara tano mpaka wafike kwenye chanzo. Lakini viwanda vya Toyota vina pia kamba. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa kundi anakuja, na wasipoimaliza kwa wakati, mstari wa kuunda magari unasimama. Wengi wetu tumechukua maswali tukaiacha kamba. Bila kamba, kwa nini mara tano ni mahojiano ya polisi, na mtu atajibu kama anavyowajibu polisi.

Najua kuna mzee hapa anayesema moyoni: huyu anataka watoto watukosee heshima. Hapana, mzee wangu. Miaka ya 1990, Amy Edmondson, sasa ni profesa wa Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika hospitali za Marekani. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Alipozidi kuchunguza akaona kwamba katika timu hizo watu walikuwa huru kuyasema makosa, kwingine waliyaficha. Sasa niambie, mzee wangu: muuguzi anayeona dozi imekosewa akanyamaza, amekuheshimu? Amekuogopa, na mgonjwa ndiye anayeumia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka.

Ile mikutano ya kila mtu kurusha wazo lake kwa sauti ilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, kwa kitabu chake cha 1953. Mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale waliipima. Watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, waliwashinda wanne waliokaa pamoja. Kwa hiyo dakika za kwanza watu waandike kimya, karatasi zisomwe bila majina, na mkubwa aseme wa mwisho. Mkubwa akianza kwa "mimi naona", mkutano umekwisha.

Mtu aachwe pia ashughulikie linalomkera yeye mwenyewe. Brian Gitta, kijana wa hapa Uganda, alihitaji vipimo vinne vya damu ndipo malaria yake ikaonekana. Si daktari, ni mtu wa kompyuta. Yeye na wenzake wakaunda Matibabu, kifaa kinachopima malaria bila kutoboa ngozi, na mwaka 2018 kikawapa tuzo ya Afrika ya chuo cha uhandisi cha kifalme cha Uingereza.

Kuhusu bajeti na zawadi nilikuwa na kurasa mbili, naziacha. Nasema hili tu: mtu aliyeleta wazo ajibiwe ndani ya wiki hiyo, hata kama jibu ni hapana, na aambiwe sababu. Na lile sanduku la maoni lenye kufuli ambalo hakuna ajuaye ufunguo uko wapi, lishusheni ukutani.

Mwenyekiti, naomba kipaza sauti kianzie nyuma kabisa, kwa madereva, walinzi na watunza stoo. Wakuu wa idara mtasema mwisho.