Mfalme wa Kanada ni nani hasa? Nawajibu leo

Haya wadau mambo vipi, leo niko Ottawa, hilo jengo nyuma yangu zamani lilikuwa stesheni ya treni ila sasa hivi ndo Seneti inakaa humo maana Bunge lenyewe linakarabatiwa. Tangu nirushe ile video ya shemeji anakula kiapo cha uraia mmeniandama, oh kumbe Kanada bado koloni, mbona anamuapia mfalme wa Uingereza?

Hakumuapia mfalme wa Uingereza. Kiapo kinasema wazi, Charles wa Tatu, Mfalme wa Kanada. Mtasema si yuleyule, ndio, mtu ni yuleyule ila ana kofia 15, ya Uingereza, ya Kanada, Australia, Jamaica, mpaka Tuvalu huko, na kila kofia ina serikali yake inayomwambia cha kufanya.

Sasa kasheshe yake mngeiona 2025. Trump anataka Kanada iwe jimbo la 51, huku Waziri Mkuu wa Uingereza anamfuata White House na barua ya Mfalme mkononi, anamualika ziara ya kitaifa. Wakanada walinuna bwana, Waziri Mkuu wa Kanada, Carney, mwenyewe akasema watu hawajapendezwa. Mzee wa watu afanyeje, mawaziri wakuu wawili kila mmoja anamvutia kwake? Basi na Carney akamuita, 27 Mei Charles akaja hapahapa akakaa kwenye kiti cha enzi akasoma hotuba kwamba nchi hii ina nguvu na iko huru, Trump hakutajwa hata jina, ujumbe ukafika, na sehemu kubwa ya hotuba yenyewe aliandikiwa na serikali ya Carney. Halafu Septemba huyohuyo kampokea Trump kwenye kasri lake la Windsor, Uingereza, kwa magari ya farasi na dhifa. Kofia nyingine hiyo!

Siku za kawaida hayupo, kazi zake anafanya Gavana Mkuu, anasaini miswada, anaapisha mawaziri. Ila msidhani ni pambo tu. Australia mwaka 1975 Gavana Mkuu John Kerr alimfuta kazi Waziri Mkuu Whitlam, mtu kachaguliwa na wananchi anafukuzwa na ambaye hajapigiwa kura hata moja, mimi hapo ndo pananitisha.

Na wabongo tusicheke sana. 9 Desemba 1961 tunapata uhuru mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth, na Turnbull aliyekuwa gavana wa mkoloni ndo akabaki kama Gavana Mkuu, mpaka 9 Desemba 1962 tukawa jamhuri, Nyerere rais. Wakenya nao hivyohivyo, Desemba 1963 hadi Desemba 1964. Mwaka mmoja tu, kazi imeisha.

Hapa Kanada kumtoa Mfalme ni shughuli, Katiba ya 1982 inataka Bunge, Seneti na majimbo yote 10 yakubali, moja likigoma basi. Quebec wakajiongeza kivyao, 2022 wakapitisha sheria kwamba wabunge wa jimbo lao wasilazimike kumuapia. Barbados wao walimtoa Malkia Elizabeth 2021 kwa kura za bunge tu, na Jamaica muswada ulishapelekwa bungeni Desemba 2024. Ya Jamaica nitaifanyia video yake, kuna Mjamaika kazini ananibishia kila siku, nikimpata amekaa vizuri nitamleta aje kubishana na nyie.