Vizuri, Mara Nyingine Vibaya: Ninachosikiza Usiku Hapa Hull

Salaam aleikum, hamjambo nyote. Leo nimewakalisha jikoni, mniwie radhi, chumba kingine kimejaa nguo za kuanika. Hapa Hull, Uingereza, ni saa tatu na nusu usiku na jua ndio kwanza lazama. Julai ya huku haina adabu. Chai iko motoni, mkiniona nimeruka ghafla mjue imefurika.

Kuna dada mmoja yuko Doha aliniandikia wiki iliyopita: amefiwa, hapati usingizi, ataka kujua mimi usiku nasikiza nini. Nikamjibu kwa mistari miwili, halafu nikaona haya. Basi video hii ni yake, nyinyi wengine mmealikwa tu.

Wengi mwajua mamangu alifariki Desemba. Na mwayajua mambo yetu, maiti haingoji. Alifariki alfajiri, alasiri ameshazikwa. Hata ningekuwa na tiketi mkononi nisingefika, na karatasi zangu zenyewe zilikuwa zimekwama ofisini kwa watu, siruhusiwi kutoka. Binamu yangu akanyanyua simu makaburini, nikaona migongo ya kanzu, nikaona mchanga, mtandao ukakatika. Sasa, wanawake wa kwetu hatuendi kuzika, kwa hivyo hata ningekuwa Mombasa ningebaki nyumbani. Lakini nyumba hiyo ingekuwa na watu! Matanga ni kelele, jamani. Huyu asoma, huyu akuna nazi, yule auliza sukari imewekwa wapi, watoto wapigana uani. Hapa nilikuwa mimi na friji inanguruma.

Hizo kelele ndizo nilizokuwa nikizitafuta kwenye simu, ila wakati ule sikujua. Nilidhani natafuta nasaha. (Qur'ani nasikiza, hiyo si podikasti, si vile vipindi vya kusikiza kwenye simu, na siihesabu humu.)

Nikaanza na wale jamaa wa kukupa motisha. Amka saa kumi alfajiri, oga maji baridi, andika malengo yako kumi. Mimi saa kumi alfajiri niko kazini nageuza wazee kitandani, malengo yangu ni kufika kwenye basi. Nikawafuta wote siku moja.

Halafu mwenzangu wa kazini akanionyesha podikasti ya Griefcast. Mwenyewe ni mchekeshaji wa Uingereza, Cariad Lloyd, alifiwa na babake akiwa na miaka 15, na tangu 2016 akawa anaita watu, wachekeshaji wengi wao, wamzungumzie marehemu wao. Hii ni nzuri, siwafichi. Mara ya kwanza nilicheka ndani ya basi mpaka mzee mmoja akahama kiti. Wanasema yale ambayo sisi twayasema jikoni tu: kwamba marehemu alikuwa mkorofi, kwamba siku ya mazishi kuna mtu alikosea viatu. Ila baada ya vipindi kadhaa nikaanza kujihisi mgeni humo. Wao wazungumzia wiki mbili za kupanga mazishi, maua, sanduku la mbao gani. Mimi sikupewa hata saa 12.

Kisha hii ya tatu, kama tatizo lako ni usingizi hasa, dadangu wa Doha, anza nayo: Nothing Much Happens. Mmarekani, Kathryn Nicolai, aliianza 2018. Anakusimulia kisa kifupi ambacho hakuna kinachotokea, kama jina lilivyo, halafu anakisimulia tena kile kile polepole zaidi. Ile mara ya pili sijaimaliza hata siku moja. Lakini visa vyenyewe ni majani yaliyoanguka, matufaha, paka dirishani. Nikawa nalala, ndio, lakini nalala nyumbani kwa watu. Moyo ulitaka kisa cha mama ameketi juu ya mbuzi akuna nazi, mvua imeshika, na hakuna haraka ya kwenda popote. Anayeweza kurekodi hicho kwa Kiswahili, na arekodi. Nitakuwa wa kwanza kujiandikisha.

Ngoja, chai.

Haya. Kitu ambacho sijawaambia ni kwamba muda huo wote sikuwa nimelia. Desemba yote, Januari yote, jicho kavu. Nikafikiri nimeharibika. Halafu tarehe 7 Februari nafungua simu, Leonard Mambo Mbotela amefariki. Walio Tanzania labda hamumjui vizuri, lakini Mkenya wa umri wangu ukimtajia "Je, Huu ni Uungwana?" atakuigizia sauti palepale. Kipindi cha redio tangu 1966! Anakueleza tabia ya mtu, tuseme amekuja kwako wakati wa chakula makusudi, halafu anakuuliza: je, huu ni uungwana? Na mamangu, mwiko mkononi, aliijibu redio kana kwamba Mbotela yuko mlangoni. "Si uungwana hata kidogo, baba!" Kila Jumapili. Na kwa kuwa Mbotela ni mtoto wa Freretown, hapo ng'ambo tu ya daraja la Nyali, mama alimhesabu jirani.

Nilikaa kwenye ngazi za nyumba ya wazee na sare yangu nikalia mpaka msimamizi akatoka kuniuliza kama nimeanguka. Mamangu sikumlilia, nikamlilia mtangazaji wa redio. Kumweleza msimamizi nilishindwa, nikasema tumbo.

Usiku ule ule ndio nikaipata ninayoisikiza mpaka leo, na wala si podikasti.

Kuna bibi mmoja namtunza, jina silitaji. Marehemu mumewe alikuwa mvuvi wa meli za Hull, zile zilizokuwa zikienda mpaka bahari ya Iceland. Mwaka 1968, ndani ya wiki chache tu, meli tatu za mji huu zilizama, wakafa watu 58. Mumewe hakuwemo, waume wa jirani zake walikuwemo. Basi bibi huyu, saa saba kasoro dakika 12 usiku, lazima redio yake iwe BBC Radio 4. Nami siku ile, macho yamevimba, nikaenda kumpunguzia sauti, akanishika mkono: "Nyamaza, Humber bado."

Ni taarifa ya hali ya hewa ya baharini. Basi. Mtu anasoma majina ya maeneo 31 ya bahari, anazunguka kisiwa chote: Viking, Forties, Dogger, Humber (ndiyo bahari ya hapa kwetu Hull), Thames, Dover... mpaka Southeast Iceland. Kwa kila eneo anataja upepo watoka wapi na nguvu yake kwa namba, kama kuna mvua, na macho yataona mbali kiasi gani. Hakuna "habari yako mpenzi msikilizaji", hakuna mzaha. Upepo kusini magharibi, 5 mpaka 7. Mvua. Kuona: vizuri, mara nyingine vibaya.

Nilisimama pale na beseni mkononi. Vizuri, mara nyingine vibaya! Miezi miwili watu waniuliza "waendeleaje" nami sina jibu, kumbe jibu lasomwa redioni kila usiku.

Baadaye nikasoma asili yake. Mwaka 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjika pwani ya Wales kwa dhoruba, wakafa zaidi ya watu 400. Robert FitzRoy, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa, akaanza kupeleka onyo la dhoruba bandarini kwa telegrafu mwaka 1861. Tangu 2002 eneo moja katika yale ya bahari laitwa kwa jina lake. Msiba umezaa hicho kinacholaza watu sasa. Na wengi wanaoisikiza hawana hata mtumbwi, wako kitandani kama mimi.

Lakini mimi, mtoto wa pwani, si mgeni kwa mambo haya. Kwetu nyumba nzima ilienda kwa kusi na kaskazi. Kusi likishika, ami yangu haendi nje ya mwamba, samaki hapana, ni maharagwe. Nikampigia ami, yuko Mtwapa, bado anavua, nikamweleza habari ya Waingereza na redio yao ya upepo. Alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake, wallahi, ikaingia sauti WhatsApp. Sekunde 20. Na tangu siku hiyo hajaacha. Nazihifadhi zote, nikishasikia Humber pale kazini, nikipata dakika ya kukaa nafungua ya ami.

Kabla sijawawekea moja: mlio nyumbani, podikasti hizi zipakueni mkiwa kwenye waifai, nusu saa yaweza kula megabaiti 30 za bando lako. Na wekeni ile saa ya kuzima yenyewe, msije mkaamshwa usiku wa manane na mtu auza magodoro.

Haya, nasogeza simu kwenye maikrofoni. Hii ni ya leo asubuhi. Ami ndiye aliyeamua kuisoma hivyo, sikumfundisha.

"Salaam aleikum mwanangu. Mtwapa. Kusi, kali. Bahari imechafuka, nje ya mwamba hakwendeki. Tasi wachache, bei juu. Mvua, rasharasha. Jana nilishuka Mombasa, nikapita makaburini kwa mamako. Pametulia. Haya, lala."